Safari ya kwanza nje ya nchi, peke yako, na hela ya mawazo: anza na Kigali

Watu wengi ninaowajua wanaotaka kusafiri nje wana picha za Dubai na Bangkok kwenye simu ila pasipoti hawana. Wanasubiri hela itimie, rafiki apate likizo, roho itulie, na miaka inakatika. Mi ushauri wangu ni huu, safari ya kwanza usiende mbali. Nenda nchi ambayo hulipi viza, unafika kwa basi, na ukikwama kuna mtu utamkuta anajua Kiswahili. Ukishajua mpaka unavukwaje na kulala mji usio na ndugu kukoje, hiyo Bangkok utaiendea na akili tofauti kabisa.

Kwa anayetokea Tanzania mi napigia debe Rwanda. Sio kwamba ndo nchi rahisi kuliko zote, Kigali sio mji wa bei chee, ila umepangika, usiku watu wanatembea, na barabara toka Dar inaunga mpaka mlangoni. Nitaeleza kwa njia hiyo, wa Mwanza au Arusha mtakata vipande visivyowahusu.

Hatua ya kwanza: woga wako uandike kwenye karatasi

Usicheke. Chukua karatasi uandike kila kitu kinachokukosesha usingizi, hata cha kijinga. Mara nyingi kwenye karatasi ya mtu anayeenda mara ya kwanza kuna mambo haya haya: nitarudishwa mpakani, hela itaniishia ugenini, nitaibiwa, nitaugua, nitapotea, nitachoka kukaa peke yangu, na kwa sisi wanawake kuna lile la usiku. Halafu mbele ya kila moja andika nini utafanya kabla hujaondoka. Kurudishwa mpakani, dawa yake ni makaratasi. Hela kuisha, dawa yake ni nauli ya kurudi unayoiweka pembeni na huigusi hata njaa ikuume. Kupotea, unapakua ramani ya mji mzima kwenye simu ili ifanye kazi bila bando. Utakuta yale yasiyo na jibu yamebaki mawili matatu tu, na hayo ni ya kawaida, hata wazoefu wanayo.

Halafu kuna woga ambao sio wako, ni wa nyumbani. Kwetu safari ina sababu: msiba, harusi, biashara, matibabu, shule. Ukimwambia mama "naenda Kigali kutembea" anakuangalia anasubiri umalizie sentensi. Kutembea kwa nani? Huna mtu kule, unaenda kufanya nini? Na kama ni binti ndo kabisa, shangazi nae atapigiwa simu. Usibishane nao. Nilichoona kinasaidia ni kuanza na tarehe ya kurudi kabla hata hujataja unakoenda, "mama, tarehe kumi nakuwa nimesharudi, naenda Kigali mara moja". Halafu mtu mmoja tu nyumbani, dada au kaka asiye na presha, mwachie picha ya pasipoti, jina la utakapolala, namba ya kampuni ya basi, na mkubaliane saa ya kupigiana. Mara moja kwa siku inatosha. Ukiahidi kuandika kila ukifika kituo, siku chaji ikiisha ukoo mzima hawalali.

Hatua ya pili: pasipoti

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaingiliana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sisi Watanzania hatumo kwenye huo mpango, kwahiyo usidanganywe na rafiki yako wa Nairobi kwamba NIDA inatosha. Unahitaji pasipoti, au kama muda umekubana na huendi mbali, ile hati ya dharura ya kusafiria.

Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, tunayopewa tangu 2018, ada yake ni 150,000 na inakaa miaka 10. Hati ya dharura ni 20,000 lakini ni ya muda mfupi na ni ya nchi za jirani tu, mi naona kama hela unaipata chukua pasipoti moja kwa moja. Fomu unajaza mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapewa namba ya malipo, unaprinti, unapeleka ofisini na NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi wako, picha, na ushahidi wa safari. Cheti cha mzazi ndo kinachochelewesha watu, maana wazee wetu wengi hawana, na hapo inabidi mzunguke kutafuta kiapo. Anza na hicho kabla ya chochote kingine.

Ushahidi wa safari nao unawatisha watu bure. Kutembea ni sababu halali. Peleka uthibitisho wa chumba ulichobuku, ruhusa ya likizo toka kazini kama umeajiriwa, maelezo mafupi unaenda wapi na unarudi lini. Ukiulizwa jibu hivyo hivyo. Usitunge harusi.

Na nikiwa hapa hapa, mtu yeyote akikwambia nauli juu yake, kazi ipo inakusubiri, wewe mpe tu pasipoti akutunzie, hiyo sio safari ninayoiongelea mimi. Pasipoti haikai kwa mtu. Kimbia.

Hatua ya tatu: sindano ya homa ya manjano

Inachomwa angalau siku 10 kabla ya kusafiri, maana ndo kadi inaanza kutambulika hapo. Zamani ilikuwa inaisha baada ya miaka 10 ila tangu Julai 2016 ukichoma mara moja kadi ni ya maisha, hata kama ile ya kwako imeandikwa mwaka wa kuisha. Ukipanga kupita Uganda utaulizwa kuingia, na unaweza kuulizwa hata ukirudi nyumbani. Usinunue kadi ya vichochoroni, ni hela kidogo unaokoa na ugonjwa wenyewe upo kweli.

Hatua ya nne: hesabu

Watu wanauliza "ni shilingi ngapi kwenda Kigali" utadhani kuna jibu moja. Mi sitoi jumla kwa sababu nauli zinabadilika na mtu wa kulala dorm, chumba cha vitanda vingi cha kuchangia na wengine, sio sawa na mtu wa kulala hotelini, ila naweza kukupa namna ya kuhesabu. Andika nauli ya kwenda na kurudi. Halafu malazi, zidisha kwa usiku. Hosteli za Kigali kitanda cha dorm kinachezea kwenye dola kumi na kitu mpaka ishirini, gesti za Nyamirambo unaweza kupata chumba cha peke yako kwa hela ya karibu na hiyo ukizunguka ukauliza. Chakula, milo miwili mizito kwa siku na kitu cha asubuhi. Usafiri wa mjini. Laini na bando. Ukimaliza kujumlisha ongeza robo juu yake, halafu pembeni kabisa iweke nauli nyingine ya kurudi. Hiyo ya mwisho iko kwenye soksi au popote unapojua wewe, sio kwenye pochi, na sio kwenye simu, kwa sababu simu ndo kitu cha kwanza kuibiwa.

Dola ukibeba ziwe mpya mpya, za 2013 kuja juu, hazijachanika wala kuandikwa na peni, za zamani maduka mengi ya kubadilisha fedha yanazikataa au wanakupunja. Na izoee franka kabla hujafika. Franka moja ya Rwanda inakaribia shilingi mbili zetu, chini kidogo ya hapo, kwahiyo ukisikia kitu ni elfu moja usikione kama buku la Kariakoo. Wengi hapa ndo hela inapoyeyukia, sio wizi wala nini, ni kwamba masikio yanasikia namba ndogo na mkono unatoa.

Hatua ya tano: njia

Yapo mabasi ya moja kwa moja kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi mpaka Kigali, ni zaidi ya kilomita 1,400, unakaa kwenye siti zaidi ya siku nzima. Mtu mzoefu anaweza. Kwa safari ya kwanza mi napenda kuikata, kwanza mgongo, pili unataka kufika mpakani mchana ukiwa na akili timamu, sio saa tisa usiku unasinzia na hujui begi liko wapi.

Chukua treni ya SGR Dar mpaka Dodoma, daraja la kawaida ilikuwa 31,000 ilipoanza 2024, ni masaa machache tu. Dodoma unapanda basi la Singida, Nzega, mpaka Kahama. Kahama lala. Mji wa biashara na dhahabu, gesti ni nyingi, hutakosa. Kabla hujalipa ingia chumbani uangalie komeo la ndani linafunga, dirisha linafunga, maji yapo, halafu ndo utoe hela. Hapo Kahama ndo mazoezi yako ya kulala peke yako ugenini, ila bado uko nchini kwako, laini yako inashika, hela ni ile ile.

Asubuhi na mapema unatafuta gari la Benaco na Rusumo, mpakani na Rwanda, mabasi yapo, hiace zipo, na michomoko ipo, zile teksi ndogo za kuchangia, ambayo mi siipendi maana wanapakia watu kama dagaa na wanakimbiza. Njia ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani, malori ya mzigo ya Rwanda na Kongo yamejaa, na kuna vipande vya pori. Beba maji na kitu cha kutafuna.

Benaco ukiipita leo ni senta tu ya malori na chipsi. Mwaka 1994 mwishoni mwa mwezi wa nne, ndani ya masaa 24 hivi walivuka wakimbizi karibu 250,000 toka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, kwenye lile daraja la Rusumo wakaja kukaa hapo, ikawa kambi kubwa kuliko miji mingi. Nakwambia hivi ili ukifika Kigali ukaingia makumbusho ya mauaji hayo pale Gisozi ujue ulishapita sehemu ya hiyo habari.

Hatua ya sita: mpakani

Hapa ndo moyo unadunda. Kituo cha Rusumo kilizinduliwa 2016 ni cha pamoja, maana yake ukitoka Tanzania unavuka mto Kagera kwanza, halafu upande wa Rwanda kwenye jengo moja unagongewa kutoka na kuingia, dirisha baada ya dirisha. Fuata wenye mabegi. Vijana watakaokufuata nje wakisema watakusaidia kugonga muhuri kwa haraka, waambie asante, nimeshafanya. Hakuna cha kusaidiwa.

Afisa atakuuliza unaenda wapi, unafikia wapi, siku ngapi. Jibu unachoulizwa uishie hapo. Watu wakiwa na woga wanaongea sana, wanaanza kueleza kwanini wameachana na mchumba wakaamua kusafiri, na afisa ambaye hakuwa na wasiwasi anaanza kuwa nao. Kutembea, hosteli fulani, siku sita. Basi. Onyesha uthibitisho wa chumba akiutaka. Ukirudishiwa pasipoti usiondoke dirishani kabla hujausoma muhuri, tarehe iko sawa, siku ulizopewa zinakutosha.

Mifuko ya plastiki itupe kabla, Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008 na begi linaweza kupekuliwa. Badilisha hela kidogo ya nauli na maji, nyingine utabadilisha Kigali. Hesabu mwenyewe kwa simu yako, sio kwa kikokotozi cha anayekubadilishia.

Halafu mambo mawili yanabadilika hapo hapo. Saa inarudi nyuma saa moja, Dar ikiwa saa sita mchana Kigali ni saa tano. Na magari yanaenda kulia. Hili la pili ndo la hatari kuliko wezi wote unaowaogopa, sababu miguu yako imezoea kuangalia kulia kwanza ukitaka kuvuka barabara. Kule angalia kushoto. Siku za mwanzo vuka na wenyeji, wakivuka na wewe vuka.

Hatua ya saba: siku ya kwanza Kigali

Mabasi yanashushia Nyabugogo, pamechangamka kama stendi yoyote, shikilia begi mbele. Bodaboda wanaita moto, na abiria lazima avae helmeti, sio hiari, polisi wanakamata. Elewaneni bei kabla hujapanda.

Mi kwa mgeni wa mara ya kwanza namwambia afikie Nyamirambo. Ni mtaa wa Waislamu wengi, wa kelele kidogo, wa chai ya maziwa na chapati, na Kiswahili kinasikika barabarani. Rwanda Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017 lakini usidhani kila mtu anakiongea, ukitoka huko kwenye mitaa mingine kuna watu mtaongea kwa mikono. Jifunze murakoze, ndo asante, inafungua milango. Na saa wanazisoma kama sisi, saa mbili ni saa mbili ya asubuhi yetu, ila tiketi inaandikwa 8:00, uliza mara mbili.

Siku hiyo usipange kitu. Oga, nunua laini kwa pasipoti yako, mpigie yule mtu wa nyumbani, kula. Mchana tafuta mahali pa melanji, unapita na sahani moja unajipakulia wali, ndizi, viazi, maharage, isombe ambayo ni kisamvu, nyama wanakuwekea kipande. Sahani inapakuliwa mara moja tu, kwahiyo ijenge vizuri kwenda juu, hakuna atakayekushangaa, wote wanafanya hivyo. Na kama ulikuwa unaogopa kula peke yako mezani, melanji ndo pa kuanzia kwa sababu kila mtu yuko bize na mlima wake.

Kesho yake nenda Gisozi asubuhi. Kuingia ni bure, pamezikwa watu zaidi ya 250,000, na usipange kitu cha furaha baada yake, jipe nusu siku. Siku nyingine nenda soko la Kimironko. Angalia kalenda pia, Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, watu wanafanya usafi na kazi za jamii, maduka yanafungwa na usafiri unasimama mpaka karibu na saa tano, sasa usije ukapanga kuondoka muda huo.

Kuhusu upweke. Haukupigi siku ya kwanza, siku ya kwanza umechangamka. Unakuja jioni ya pili au ya tatu, umeshaona vya kuona, umekaa kitandani, na unaanza kuangalia status za watu wa nyumbani wako kwenye shughuli bila wewe. Hapo ndo watu wanabadilisha tiketi. Usifanye maamuzi yoyote usiku huo. Toka ukae mahali penye watu, kwenye kibanda cha chai, agiza, sikiliza, au kaa sebuleni hosteli ambapo kila mtu yuko peke yake kama wewe. Kama ukiamka asubuhi bado unataka kurudi, rudi, hakuna aliyekulazimisha.

Usiku, kwa akina dada hasa: Kigali utaona wanawake wanatembea, ila wewe bado ni mgeni, kwahiyo rudi kwa moto ya kuelewana sio kwa kukata vichochoro. Ukiulizwa na usiyemjua kama umekuja peke yako, umekuja kwa dada yako na anakusubiri. Kinywaji kifunguliwe mbele yako. Hela igawe sehemu tatu, kopi ya pasipoti kwenye begi na picha yake kwenye barua pepe. Namba ya polisi ni 112 na namba ya ubalozi wetu Kigali iandike kwenye karatasi, sio kwenye simu peke yake.

Hatua ya nane: kurudi, au kuzungukia Kampala

Ukiwa na siku na hela imebaki, usirudi ulikopitia. Mabasi ya Kampala yanaondoka kila siku, unavuka Gatuna, ule mpaka uliofungwa 2019 ukafunguliwa tena mwanzoni mwa 2022, halafu Kabale na vilima vyake, unapita Mbarara. Mpaka Kampala ni kama kilomita 500, panda la asubuhi. Saa inarudi ya kwetu na magari yanarudi kushoto.

Kampala ni kinyume cha Kigali, kelele, foleni, daladala wao wanaita teksi, na bodaboda hawana simile. Ndo maana nasema Kigali ianze. Kula roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai, barabarani palepale inapokaangwa. Panda mnara wa msikiti wa Old Kampala uone mji wote ulivyokaa kwenye vilima.

Kutoka hapo unashuka Masaka, unavuka mpaka wa Mutukula, kadi ya manjano mkononi, unaingia Bukoba. Toka Bukoba ipo meli ya usiku kwenda Mwanza lakini haiondoki kila siku, kwahiyo ulizia ratiba kabla hujatoka Kampala, ukiikosa lipo basi la kuzunguka na ziwa. Wale wa bajeti ya kubana wachukue daraja la tatu, wawahi kupanda wapate siti, na wabebe shuka, ziwani usiku kuna baridi.